Fundi wa websaiti ameingia mitini kazi ikiwa nusu, na Januari ndiyo hiyo. Naanzia wapi?

mama_sweta
Wadau habari zenu. Niko na duka la yunifomu hapa tao, zile stoli za ghorofani ukitoka Moi Avenue, na venye mnajua Januari wazazi hufika wote siku moja, ngazi zinajaa mpaka mtu hawezi kushuka. Safari hii kuna pia Gredi 10 wa kwanza kabisa wanaingia 2026, sketi mpya, sweta mpya, tai mpya, kila shule na rangi yake. Nikasema mwaka huu sitaki ile vita ya kaunta. Nikatafuta kijana anitengenezee websaiti, mzazi achague shule, achague saizi, alipe na M-Pesa, akija anachukua tu mzigo umefungwa.

Kijana nilielekezwa na jirani wa stoli ya pili. Tukaelewana bei, nikampa nusu, na haki nisimsingizie, mwanzo alichapa kazi. Ukurasa wa mbele uko, picha ziko, saizi ziko. Penye pamekwama ni kitufe cha Lipa, ukibonyeza kinazunguka weee mpaka unachoka. Nikamwambia, akasema kesho. Kesho ikazaa kesho. Sasa simu ni mteja hapatikani, WhatsApp ni tiki moja, na jina la websaiti alilinunua kwa akaunti yake nikamrudishia pesa. Paswadi zote ako nazo yeye. Mzee wangu anasema twende stesheni turipoti. Mimi nataka tu hiyo kitu ifanye kazi kabla shule zifungue. Nifanyeje?

githeri_na_avo
Pole mama. Karibu chamani, wanachama ni wengi sana na mwenyekiti bado hajachaguliwa. Mimi wangu alikuwa wa logo. Alinitumia drafti moja akapotea, nayo ilikuwa na jina la biashara ya mtu mwingine.

moto_wa_kuni
Tupa hapa picha yake, namba yake na kitambulisho kama uko nacho. Tumuanike. Hawa vijana wamezoea, wanakula arubuni ya watu kumi halafu wanahamia mtaa mwingine.

karani_wa_milimani
@moto_wa_kuni wacha kumpeleka mama pabaya. Kitambulisho cha mtu ukikimwaga mtandaoni unampatia yeye sababu ya kukupeleka kwa Kamishna wa Data, tuko na Sheria ya Kulinda Data tangu 2019. Na ukimuita mwizi kumbe ako wodini, hiyo ni kesi nyingine tena. Nitarudi hapa kuongea mambo ya kisheria, niko kazini sai.

seva_imelala
Mama, kabla ya stesheni na kabla ya kumtusi, shika kalamu uandike kila kitu ambacho kikizimwa websaiti inakufa, halafu kando yake uandike ni nani anaweza kukifungua. Pesa uliyompa iache kwanza, hiyo unaweza kuidai hata mwaka ujao. Chenye hakingoji ni jina. Domeni, yaani hilo jina la websaiti, ikiwa ni ya .co.ke hulipiwa kwa muda, wengi hulipa ya mwaka mmoja, na ikifika tarehe na huyo jamaa hajalipa inazimwa, ikikaa hivyo inaachiliwa na mtu yeyote anaweza kuichukua, na wewe umeshachapisha hilo jina kwa karatasi za kubebea nguo. Ingia whois (ukurasa wa kutafuta usajili wa majina) ya KENIC, ndio wasimamizi wa .ke zote, uandike jina la websaiti yako, itakuonyesha ilisajiliwa kupitia kampuni gani na inaisha lini. Hiyo kampuni ndiyo utaongea nayo. KENIC yenyewe haikuuzii moja kwa moja, inapitia kwa hao.

Pili, hostingi, yaani pale websaiti inakaa. Nani alilipia? Kama risiti ilikuja kwa imeli yako, umeokoka kwa sehemu kubwa. Ukishaingia cPanel (paneli ya kusimamia hostingi), paswadi ya WordPress, ile programu inayoendesha websaiti, haikusumbui tena. Unafungua phpMyAdmin (pale databesi inafunguliwa), unatafuta tebo inaisha na users, unabadilisha imeli ya admini unaweka yako, halafu unaenda pale mbele unabonyeza umesahau paswadi, inakutumia wewe.

Lakini kabla hujagusa chochote chukua bakapu, yaani nakala ya akiba. Faili zote PAMOJA na databesi. Naandika kwa herufi kubwa kwa sababu kila wiki napata mtu amepakua folda akadhani amemaliza, kumbe bidhaa, bei, saizi na oda zote zinakaa kwa databesi, ile folda ni nyumba tu bila vyombo.

Tatu, M-Pesa. Till ni yako?

mama_sweta
@seva_imelala asante sana. Hostingi nililipa mimi kwa simu yangu, risiti iko kwa imeli ya duka. Till ni yangu ya siku zote, ile ile wateja wanalipia kaunta. Domeni ndio ya kwake. Nimeangalia hiyo whois, inaisha Machi.

seva_imelala
Machi sio mbaya, uko na nafasi. Badilisha paswadi ya hostingi leo usiku, na imeli ya duka kama aliwahi kuingia kwa simu yake mtoe. Usifanye kwa hasira, fanya tu.

kalamu_ya_kukodi
Niongee kwa upande wetu sisi tunaokodishwa, maanake naona uzi umeshamhukumu kijana.

Mimi nafanya usanifu wa vitabu na mabango, miaka mingi sasa, na nimeona wenzangu wakipotea kwa sababu za kila aina. Kuna wa kulazwa. Kuna wa kufiwa, amepanda gari usiku kwenda ushago na huko mtandao ni wa kupanda mti. Kuna aliyeibiwa laptopu kwa matatu na kazi ya watu watatu ikiwa ndani. Kuna aliyepata kazi ya kuajiriwa, na hiyo ndiyo nyingi kuliko zote, mtu alikuwa anafanya kibarua chako akingoja simu ya HR, simu ikaja, sai anatoka ofisini saa mbili usiku akiwa amekauka. Wakora pia wako, sikatai. Lakini mkora kwa kawaida hapotei katikati baada ya kukuwekea picha na saizi zote. Mkora hupotea akishakula arubuni tu.

Sasa shida ni hii. Siku ya kwanza alichelewa akaona haya kidogo. Siku ya tatu haya imezidi. Wiki ikiisha kila simu yako akiiona ni kama simu ya mkopo wa app, anazima. Aibu ndiyo imezima hiyo simu, na ukimtumia meseji ya "wewe ni mwizi nitakushika" unaifungia ndani zaidi. Mpe kitu kidogo ambacho anaweza kufanya kwa dakika kumi akiwa kitandani. Muandikie SMS ya kawaida, sio WhatsApp, hata akiwa hana bando itaingia akiwasha simu:

"Habari. Naona umebanwa. Leo sikudai pesa. Naomba vitu viwili tu: uhamishe domeni ije kwa imeli ya duka, na unitumie faili ya zipu (zip) ya kazi mpaka penye ilifika. Ukifanya hivyo kufikia Ijumaa jioni hudaiwi chochote, mengine tutaongea ukipata nafasi."

Na mpigie yule jirani aliyekuelekeza. Hapa Nairobi hakuna mtu anapotea kwa kila mtu.

karani_wa_milimani
Nimerudi. @kalamu_ya_kukodi umeandika vizuri ila hiyo "hudaiwi chochote" ifutwe. Mama akituma hiyo meseji amejifunga mwenyewe, kesho akitaka kurudishiwa hata shilingi mia tano ataonyeshwa skrinshoti yake. Aandike tu "leo sikudai pesa" aishie hapo. Tena tarehe iandikwe kamili, sio "Ijumaa", meseji ikisomwa baada ya mwezi Ijumaa ni gani?

Mambo ya stesheni: unaweza kwenda, lakini ukieleza kwamba mlielewana, ukalipa, akafanya nusu, kuna uwezekano mkubwa utaambiwa hiyo ni deni, nenda kotini. Kwa pesa za namna hii kuna Mahakama ya Madai Madogo, sheria yake ni ya 2016, na Milimani ilianza kazi Aprili 2021. Inasikiza madai yasiyozidi milioni moja, mikataba ya huduma kama hii yako imo, unaweza kusimama mwenyewe bila wakili, na sheria inataka kesi iishe ndani ya siku 60. Kabla ya hapo unaandika barua ya madai unampa muda. Wengi hulipa wakiona tu barua.

Ushahidi ndio watu hukosa. Toa taarifa ya M-Pesa inayoonyesha ulimtumia, hifadhi mazungumzo yote ya WhatsApp kwa ile njia ya kuyatoa nje kama faili, usitegemee skrinshoti moja moja. Mkataba hata kama ni wa meseji ni mkataba.

Na kitu kingine, kuna fundi anaweza kukwambia ile kazi ni yake huwezi kuigusa. Kwa Sheria yetu ya Hakimiliki ya 2001, kazi uliyoagiza ufanyiwe inahesabika imehamia kwako wewe uliyeagiza, isipokuwa kama mliandikiana kinyume. Zile programu za bure na plagini (vijiprogramu vya kuongezea) alizochukua kwingine hizo zina leseni zake, si zako wala zake.

moto_wa_kuni
Sawa basi mimi nimenyamaza. Lakini mnawabembeleza sana.

mama_sweta
Wadau nimerudi na habari. Jirani amempata kupitia binamu yake. Kumbe @kalamu_ya_kukodi umesema kweli tupu, ameandikwa kazi na kampuni fulani Westlands, anaingia asubuhi anatoka usiku. Nilituma ile meseji (bila ya hudaiwi, nimesikia wakili). Akajibu usiku wa manane, pole nyingi, pole mpaka nikaona huruma, na akatuma zipu. Domeni bado, anasema ataangalia wikendi.

Sasa nimepeleka hiyo zipu kwa fundi mwingine Kimathi Street, hajaifungua hata dakika mbili, ameangalia akacheka, akasema "hii kazi ni takataka mama, tuanze upya". Bei aliyonitajia, nikishuka hiyo ngazi nilishika ukuta. Kweli yote itupwe?

nati_na_spana
Hahaha. Kila fundi lazima alaani kazi ya fundi wa kwanza, ni kama sala ya kufungua mkutano. Mimi nimefanya kazi ya kumalizia viporo vya watu na nakwambia hivi: kuanza upya ni rahisi kwake, sio kwako. Kusoma kazi ya mtu mwingine kunachosha na hakuna mtu anakulipa kwa kusoma, ndio maana anakimbilia kubomoa. Kwa hivyo mlipe ya kusoma peke yake. Mwambie nakulipa nusu siku, fungua, angalia, niandikie karatasi moja: nini kinafanya kazi, nini kimevunjika, nini ni hatari. Akimaliza hiyo karatasi ni yako, unaweza kumpa yeye kazi au kumpelekea mwingine. Anayekataa kulipwa ili asome, anataka tu kukuuzia mpya.

Hatari nayo iko moja ya kweli: angalia kama alitumia themu au plagini za kulipiwa ambazo zimevunjwa leseni, zile za kupakuliwa bure kwa vichochoro vya mtandao. Hizo mara nyingi huja na mlango wa nyuma. Hizo tu ndizo za kutupa bila huruma.

Halafu niambie, ukiingia kwa setingi za malipo kwa hiyo websaiti, kwa kisanduku cha shortcode (namba ya kupokea malipo) kumeandikwa namba gani?

mama_sweta
Nimeingia kama @seva_imelala alivyonielekeza, nimefika. Imeandikwa 174379. Hiyo sio till yangu. Huyu kijana alikuwa anaelekeza pesa kwa nani??

nati_na_spana
Tulia mama, si wizi. Hiyo 174379 ni namba ya majaribio ya Daraja, ule mlango wa Safaricom wa watu wa programu kuunganisha M-Pesa. Kila mtu anayejifunza STK push, ile ya kumtokezea mteja kwa simu aweke PIN, anaanzia nayo. Maana yake kazi yako bado ilikuwa kwa uwanja wa mazoezi, haijahamishwa kwa malipo ya kweli. Angalia pia ile anwani ya kuunganisha na Daraja, kama inaanza na sandbox badala ya api, ni jambo lile lile.

Na kuna kisanduku kingine cha callback, yaani pale M-Pesa inarudisha jibu kwamba mzazi amelipa ama amekataa. Soma hapo kumeandikwa nini.

mama_sweta
Ni herufi nyingi na namba halafu mwisho ngrok.

seva_imelala
Ndio hiyo! Kitufe chako kinazunguka kwa sababu hiyo. Ngrok ni njia ya kupitisha mtandao mpaka kwa laptopu yake yeye wakati wa kujaribu. Jibu la M-Pesa linatafuta laptopu ya kijana, na kijana ameifunga ako kazini Westlands, kwa hivyo websaiti inangoja jibu ambalo halitakuja milele. Hapo pawekwe anwani ya websaiti yako yenyewe, iwe ya https, basi.

nati_na_spana
Sawasawa. Kilichobaki ni hiki, na fundi yeyote anayejua M-Pesa hakimchukui siku nyingi. Ufungue akaunti yako mwenyewe ya Daraja kwa imeli ya duka, si ya fundi, tena si ya fundi wa pili pia. Uombe kuhamia malipo halisi ukitumia namba yako, na hapo itahitaji yule mtu mwenye usimamizi wa till yako kwa tovuti ya biashara ya M-Pesa, bila shaka ni wewe ama mzee. Ukipata funguo mpya zinaingia pale penye zile za majaribio.

Mtego mmoja ambao hula watu siku nzima: wewe ni till, sio paybill. Mfano wengi wanaonakili ni wa paybill, kwa hivyo aina ya malipo ibadilishwe iwe CustomerBuyGoodsOnline, na till ina namba mbili, ile wateja wanaiona ukutani na namba ya stoo. Namba ya stoo inakaa kwa BusinessShortCode, ile ya ukutani inakaa kwa PartyB. Zikibadilishana unapata hitilafu isiyoeleza chochote na utadhani Safaricom iko chini. Mwonyeshe fundi hii meseji.

githeri_na_avo
Nimekuja kucheka nikakuta shule.

kalamu_ya_kukodi
Mama wakati hiyo inashughulikiwa usikae bure ukingoja. Picha na saizi uko nazo sai, ziweke kwa katalogi ya WhatsApp Business leo, mzazi anachagua, analipa till, anakutumia ujumbe wa M-Pesa na jina la shule. Ni kazi ya mkono, lakini utapunguza foleni hata kama websaiti itachelewa mpaka shule zifungue.

mama_sweta
Hiyo nafanya leo leo. Fundi mpya nimempata, wa Roysambu, amekubali kulipwa ya kusoma kwanza bila kununa. Sasa niulize, huyu nimlipe vipi nisirudi palepale?

moto_wa_kuni
Akimaliza ndio unalipa. Period.

kalamu_ya_kukodi
@moto_wa_kuni wewe ungekubali kufanya kazi mwezi mzima ukingoja huruma ya mtu? Sisi pia tumekuliwa. Kuna wateja wanachukua kazi yote halafu wao ndio wanakuwa mteja wa nambari uliyopiga.

karani_wa_milimani
Gaweni kazi vipande, kila kipande kikifika mikononi mwa mama kinalipwa hicho hicho. Kufika mikononi maana yake kiko kwa hostingi yake na kwa akaunti yake, amekiona kikifanya kazi, si picha ya skrini kutoka kwa laptopu ya mtu. Arubuni iwe ndogo ya kumfanya aanze. Wanaotumia Upwork, lile soko la vibarua vya mtandaoni, wanajua hii, kwa kazi za bei moja mteja anaweka pesa ya hatua kwanza, inakaa katikati, na fundi akiwasilisha mteja ana siku 14 za kuangalia, akinyamaza pesa inaenda kwa fundi. Kwa WhatsApp hakuna wa kukaa katikati, kwa hivyo vipande viwe vidogo.

nati_na_spana
Na kila Ijumaa kazi isukumwe kwa GitHub (ghala la mtandaoni la kuwekea kazi za programu) ya duka, fundi akiwa mgeni humo na mama akiwa mwenyewe. Akipata kazi Westlands naye, wiki moja tu ndiyo inapotea.

mama_sweta
Nimeandika yote. Domeni kijana ameanza kuhamisha, amepata ile namba ya siri ya uhamisho amenitumia, kampuni ya upande wangu inasema ni kungoja. Ile hesabu ya pesa tutaongea Februari, nimemwambia hivyo na amekubali.

boda_ya_mizigo
Samahani kuingilia. Yangu ni app ya kuagiza boda, na aliyeitengeneza aliiweka Play Store kwa akaunti yake yeye. Imeshapakuliwa na wateja wangu. Naye sai simu yake ni mteja. Naweza kuichukua?

seva_imelala
Hapo ni pagumu kuliko pa mama. Kuhamisha app kutoka akaunti moja hadi nyingine ni lazima mwenye ile akaunti ndiye aombe, kutoka kwake. Ukiwa na kodi yote (code, maandishi ya programu yenyewe) mkononi lakini yeye hayuko, utaipandisha upya kwa akaunti yako kwa jina jipya la pakeji, lile la zamani haliwezi kutumika tena, na wateja itabidi wapakue nyingine, zile nyota zote zinabaki kule. Kwa hivyo fungua akaunti yako ya Play leo, ni dola 25 mara moja tu, uthibitisho wao unaweza kuchukua muda. Halafu mtafute jamaa kwa ile meseji ya @kalamu_ya_kukodi, badala ya domeni andika app. Kodi yenyewe uko nayo?

boda_ya_mizigo
Niko na APK tu kwa simu, ile faili ya kuweka app.

seva_imelala
Hiyo APK haitoshi, kodi yenyewe haimo. Tuma meseji leo usiku.